Bayume Mohamed Husen: Mwigizaji kutoka Dar es Salaam aliyefia kambini Ujerumani

Hapa Kigoma, Mjerumani tunamkumbuka kwa reli na kwa meli ya Liemba, iliyoletwa vipande vipande ikaundwa bandarini kwetu. Habari za watu wetu waliovuka kwenda kwake hazisimuliwi sana. Leo tunamtazama mmoja, mwigizaji wa filamu.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake, mwenye asili ya Sudani, alikuwa askari wa jeshi la Mjerumani. Vita ilipoanza 1914, mtoto huyu wa miaka 10 aliingia jeshini pamoja na baba. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, huko Lindi, akawa mateka wa Waingereza.

Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. (Askari wazee waliobaki hai huku nyumbani walikuja kulipwa na Ujerumani Magharibi miaka ya 1960. Yeye alikuwa ameshakufa.)

Akabaki hukohuko, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na chuo kikuu akasaidia kufundisha Kiswahili. Mwaka 1933 akaoa mwanamke wa Kijerumani.

Filamu alizoonekana zinazidi 20, nyingi akiwa boi, mpagazi au mtumishi mtiifu. Ile ya 1934, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, ilihusu vita ileile aliyopigana akiwa mtoto. Ya mwisho, Carl Peters ya 1941, ilimsifu Mjerumani aliyezunguka bara akiwatia watawala wetu saini kwenye mikataba ya kuchukua ardhi. Husen alicheza kama mkalimani wake. Mtu anaweza kumlaumu, lakini Mwafrika aliyekuwa Berlin chini ya Hitler hakuwa na kazi nyingi za kuchagua.

Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa. Kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke mzungu, jambo ambalo Wanazi hawakumruhusu mtu mweusi. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Tangu 2007 kuna kijiwe chenye jina lake kwenye njia ya miguu, mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.