Kutoka Shinyanga hadi Saanane: historia ya matembezi ya picha za wanyama

Wapenzi wa picha wa Shinyanga wanaotaka kupiga picha za wanyama mwisho wa wiki mara nyingi huelekea kaskazini, Mwanza, kwenye Kisiwa cha Saanane katika Ziwa Victoria. Kutoka Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga yenye kiwanja cha ndege, ni kilomita 160 hivi kwa barabara ya lami, kisha boti ya dakika chache. Safari hiyo ni matokeo ya mambo matatu yaliyotokea kwa nyakati tofauti: kutoweka kwa wanyama wakubwa katika nyika ya Shinyanga, kuanzishwa kwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini Tanzania, na kushuka kwa gharama ya kamera hadi ikamfikia mwananchi wa kawaida.

Kamera za mwanzo

Picha za kwanza za wanyamapori wa nchi hii kupata umaarufu duniani zilipigwa na wageni, kwa ajili ya wasomaji wa kwao. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasaini mwanzoni mwa karne ya 20 akipiga picha hata usiku wa manane. Punda au ng'ombe hai alifungwa kama chambo, kamera ikategwa karibu yake, na uzi ukatandazwa mahali ambapo simba angepita. Simba alipougusa, unga wa magnesi uliwaka kwa kishindo na kumulika kila kitu kwa sehemu ya sekunde. Sahani za kioo zilizobeba picha hizo, pamoja na mitambo yote, zilisafiri kichwani mwa wapagazi. Kitabu chake cha mwaka 1905, Mit Blitzlicht und Büchse, kilisomwa sana Ujerumani. Schillings huyohuyo alikuwa mwindaji, na vielelezo vya wanyama aliowaua vilipelekwa katika makumbusho ya kwao.

Baada yake walikuja wenye kamera za sinema. Wamarekani Martin na Osa Johnson walitoa filamu ya Simba mwaka 1928. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Michael alikufa katika ajali ya ndege Januari 1959, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata.

Mijini, kamera ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Wapiga picha wa Kigoa na Kihindi walifungua studio Zanzibar tangu karne ya 19, na biashara hiyo ikaingia bara taratibu, hasa kwenye miji iliyopitiwa na reli. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928. Watu walipiga picha ya ukumbusho siku ya Idi, Krismasi au harusi, wakiwa wamesimama mbele ya pazia lililochorwa. Haikuwa kawaida kwa mtu wa kawaida kwenda porini kupiga picha ya mnyama, na katika Shinyanga wanyama wenyewe walikuwa wanaisha.

Nyika iliyofyekwa

Mbung'o, anayeeneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, aliwanyima wafugaji wa Usukuma malisho mengi. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika tangu mwaka 1919, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo. Kituo cha Old Shinyanga kilijulikana Afrika nzima. Mbinu zilizojaribiwa hapo ni pamoja na kuchoma nyasi kwa mpango na kufyeka vichaka ambavyo mbung'o hujificha kivulini mwavyo, kazi iliyowatoa wanakijiji kwa maelfu chini ya watemi wao. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini kazi iliendelea. Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 likafanyika jaribio la kuwaondoa kabisa wanyama ambao mbung'o huwanyonya damu, na maelfu ya wanyamapori walipigwa risasi katika eneo la majaribio.

Ng'ombe na mashamba ya pamba vilichukua nafasi ya pori. Faida kwa wafugaji ilikuwa ya kweli, ila miti nayo ilikwisha, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilitajwa kama mfano wa nchi inayogeuka jangwa. Kizazi kilichozaliwa baada ya uhuru karibu na mji wa Shinyanga kilimjua twiga kwa picha ya kitabuni.

Bustani katikati ya maji

Hali ya namna hiyo, ya wananchi kuishi bila kuwaona wanyama wa nchi yao, ilikuwa miongoni mwa sababu za kuanzishwa kwa bustani ya Saanane mwaka 1964. Kisiwa hicho, chenye miamba mikubwa ya matale, kilikuwa makazi ya Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Serikali ilikichukua, ikawahamisha waliokuwa wakiishi hapo, na jina la mwenyeji likabaki. Ndiyo ilikuwa bustani ya kwanza ya wanyama Tanzania, na ilipewa kazi mbili: kuwaelimisha na kuwaburudisha wakazi wa Mwanza na jirani zao, na kuwa kituo cha muda kwa wanyama waliokuwa wakipelekwa Kisiwa cha Rubondo.

Kati ya mwaka 1964 na 1966 waliletwa nyati, pundamilia, twiga, tembo, faru weusi, viboko, mbuni, nungunungu na sokwe. Kwa mwanafunzi wa Shinyanga aliyefika Mwanza kwa treni, hapo ndipo tembo alipogeuka kutoka mchoro kuwa mnyama mwenye harufu na sauti.

Rubondo, ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita, ilikuwa mradi wa pekee. Shirika la Wanyama la Frankfurt chini ya Grzimek liliachia huko sokwe 17 kati ya mwaka 1966 na 1969. Sokwe hao walikuwa wamekamatwa Afrika wakiwa wadogo na kufungiwa Ulaya kwa miaka. Walisafirishwa kurudi, wakaachwa wajitafutie chakula msituni. Madume wawili waliowashambulia watu walipigwa risasi, lakini wengine walizaliana na ukoo wao upo hadi leo. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Saanane yenyewe ilibadilika polepole. Baadhi ya wanyama wakubwa walihamishwa na wengine walipungua, na kisiwa kikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba mwaka 1991. Usimamizi ulikabidhiwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo.

Kutoka filamu hadi simu

Katika miongo miwili ya mwanzo ya bustani, kamera ilikuwa mali ya wachache: mapadre, wahandisi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wapiga picha wa kulipwa. Mkanda mmoja ulikuwa na picha zisizozidi 36, na kila mfyatuo uligharimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zilipoadimika, filamu na dawa za kusafishia picha vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizokosekana. Aliyepata mkanda aliutunza kwa ajili ya arusi na ubatizo.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kamera ndogo za filamu ya rangi zilienea, na katika miaka ya 1990 mashine za kusafisha picha kwa saa chache ziliingia mijini. Vikundi vya Malihai, vilivyoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya wanafunzi, viliifanya ziara ya hifadhini kuwa sehemu ya maisha ya shule. Kisha zikaja kamera za dijiti, na baada yake simu. Hapo ndipo vikundi vya marafiki vilipoweza kuchanga nauli ya basi dogo na kiingilio, kila mmoja akiwa na chombo chake cha kupigia picha.

Namna matembezi yanavyofanyika

Kundi linalotoka Shinyanga alfajiri huwahi boti ya Capri Point, jijini Mwanza, kabla jua halijawa kali, kwa sababu mwanga wa saa za mwanzo ndio unaoonyesha umbo la miamba. Juu ya mawe hayo hukaa pimbi na mijusi aina ya Agama mwanzae, iliyopewa jina la Mwanza mwaka 1923. Dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu nzito. Likiota jua hutikisa kichwa juu chini, na mpiga picha anayejongea kwa kuchuchumaa, bila kuliziba jua kwa kivuli chake, hupata picha ya karibu hata kwa simu. Swala pala hutembea huru kisiwani, ngedere huzoea watu kupita kiasi, na furukombe hukaa juu ya miti ya ukingoni akivizia samaki.

Mabanda ya waya hudai mbinu nyingine. Lenzi husogezwa karibu na wavu kadiri ulinzi unavyoruhusu, tundu lake hufunguliwa sana, na mpigaji husubiri mnyama akae mbali na waya upande wa ndani. Kwa hali hiyo nyuzi hufifia mpaka hazionekani. Mwanga wa flashi huharibu picha hiyo, kwani huugonga wavu na kurudi.

Alasiri hubaki kwa Jiwe la Bismarck, mwamba ulioko ziwani karibu na mji, au makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, huko Kisesa, yaliyoasisiwa na padre David Clement kutoka Kanada. Kwa watu wa Geita safari ya Mwanza imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Kabla ya hapo walisubiri kivuko.

Shinyanga nayo imeanza kupata picha zake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, ulihuisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi yasiguswe masika. Miti iliota upya, na watafiti wamehesabu ndani ya ngitili zaidi ya aina 100 za ndege. Kundi la Ibadakuli lisilo na nauli ya kwenda ziwani sasa linaweza kutumia asubuhi ya Jumamosi katika ngitili ya karibu, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye eneo au serikali ya kijiji.