Tiba shufaa kwa wazee haipaswi kusubiri dakika za mwisho

NANGURUKURU ni njiapanda wilayani Kilwa, mkoani Lindi, ambako barabara ya Kilwa Masoko huchepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi. Mzee wa hapo mwenye saratani inayohitaji tiba ya mionzi hupewa rufaa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, safari ya takribani kilomita 300. Ugonjwa usipoponyeka hurejeshwa nyumbani, na maumivu hurudi naye.

Huduma inayomlenga mgonjwa wa aina hiyo huitwa tiba shufaa. Hupunguza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu, na humsaidia mgonjwa na familia yake kimwili, kisaikolojia, kijamii na kiroho. Haiharakishi kifo wala haikiahirishi.

Wengi hudhani kuwa tiba hiyo ni ya saratani pekee na huanza dawa nyingine zinaposhindwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri ianze mapema, sambamba na matibabu ya kawaida. Kwa wazee inahusu pia kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, figo na ugonjwa wa kusahau, maradhi ambayo mara nyingi humkuta mtu mmoja kwa pamoja.

Kwa mujibu wa WHO, watu milioni 56.8 duniani huhitaji huduma hiyo kila mwaka, na ni asilimia 14 tu ya wanaoihitaji wanaoipata. Mwaka 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama kuiingiza katika mifumo yao ya afya, hususan katika ngazi ya msingi na majumbani.

Ilikotoka

Huduma ya kisasa ya aina hii ilianzia London mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua kituo cha St Christopher's. Afrika Mashariki, Nairobi ilipata kituo chake mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993 chini ya Dk. Anne Merriman. Nchini Tanzania, Hospitali ya Selian mkoani Arusha ilianza mwaka 1999.

Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, hivyo mgonjwa wa kijijini asilazimike kumsubiri daktari.

Mofini ya maji

Mofini ya kunywa ndiyo nguzo ya kutuliza maumivu makali. Hunywewa kila baada ya saa nne. Kwa mzee, ambaye figo zake huwa zimepungua nguvu, huanza kwa dozi ndogo na kuongezwa taratibu, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ikitumiwa kwa maelekezo ya mtaalamu kutuliza maumivu, hatari ya uraibu ni ndogo.

Hata hivyo, ni dawa inayodhibitiwa kisheria: hutakiwa kufungiwa, kuandikwa katika daftari na kutolewa na aliyeidhinishwa. Kituo kisicho na mtu huyo hubaki na dawa za maumivu ya kawaida.

Umbali nao ni kikwazo. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi wilayani Kilwa, ikiwamo eneo la Somanga. Mgonjwa anayetegemea dawa ya kutoka Dar es Salaam hawezi kusubiri daraja litengenezwe.

Kuanzia zahanati

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na ikaelekeza wasio na uwezo watibiwe bure. Msamaha huo haulipi nauli ya basi.

Ndiyo maana ngazi ya chini ina uzito. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kutambua maumivu ya mzee asiyeweza kujieleza kwa kutazama uso uliokunjamana, miguno, au kukataa chakula. Anaweza kuifundisha familia kumgeuza mgonjwa mara kwa mara ili asipate vidonda vya kulala.

Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, iliyoko Kilwa Kivinje, ni jirani na Nangurukuru. Kwa mzee aliyerudishwa nyumbani, dawa ikipatikana hapo, na muuguzi aliyefunzwa akiifikisha nyumbani kwake, safari ya kilomita 300 kutafuta nafuu haitakuwa na ulazima.