Chunusi za Ukubwani na Historia ya Kopo la Krimu

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, tiba ya ngozi katika Ulaya na Marekani iliihesabu chunusi kuwa ugonjwa wa kubalehe, hivi kwamba mwanamke wa miaka 30 au 40 aliyefika kwa daktari na uso wenye vipele alitazamwa kama kisa cha pembeni. Utafiti mashuhuri wa James Hamilton, uliochapishwa mwaka 1941, uliwahusu wanaume: waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota chunusi, lakini baadhi yao walianza kuota walipopewa testosteroni, yaani homoni inayochochea tezi za ngozi kutoa mafuta. Jambo hilo lilikuwa kweli na la maana, ila halikutosha kueleza kwa nini mama mwenye watoto aote vipele kidevuni kila anapokaribia hedhi.

Sehemu ya jibu ilikuwa imekwishaandikwa Chicago mwaka 1935, pale Irving Stein na Michael Leventhal walipoeleza habari za wanawake 7 waliokuwa na hedhi isiyo na mpangilio na ovari zilizojaa vifuko vidogo vya majimaji. Hali hiyo, ambayo mara nyingi huongeza homoni za aina ya kiume mwilini, leo inajulikana kuwa miongoni mwa vihatarishi vikuu vya chunusi za ukubwani, na ndiyo maana daktari makini humuuliza mgonjwa wa namna hii juu ya hedhi yake, ndevu zinazomwota na njia ya uzazi wa mpango anayotumia, kwa kuwa baadhi ya njia zenye homoni ya projestini peke yake zinaweza kuzidisha vipele.

Sehemu nyingine ya jibu ilikuwa juu ya meza ya kujipambia. Mwaka 1970 Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman walieleza chunusi za pomedi, zilizowapata Wamarekani weusi waliopaka nywele mafuta mazito: vipele vidogo vilivyosongamana kwenye paji la uso na mapanja, mahali hasa ambapo mafuta huteremka kutoka nyweleni, na vingi vyake vikiwa komedo, yaani vitundu vya vinyweleo vilivyozibwa na mafuta pamoja na seli zilizokufa. Miaka miwili baadaye Kligman na Otto Mills waliandika juu ya chunusi za vipodozi kwa wanawake watu wazima, wakapima krimu za madukani kwa kuzipaka ndani ya masikio ya sungura ili kuona zipi huziba vinyweleo. Elimu hii haipaswi kusimuliwa bila kutaja kwamba Kligman huyo huyo, kwa zaidi ya miaka 20, aliwafanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg huko Philadelphia, wengi wao wakiwa weusi.

Kisha ikaja steroidi. Haidrokotisoni ya kupaka ilianza kutibu ngozi mwaka 1952, ikafuatwa na dawa zenye nguvu zaidi kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo hutuliza uvimbe upesi na, zikitumiwa muda mrefu, huififisha rangi ya ngozi. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyozitoa kwenye hospitali na kuziingiza katika biashara ya kujichubua. Afrika Mashariki imezipokea ndani ya mkorogo, mchanganyiko ambao huweza kuwa na steroidi, kemikali ya kuchubua iitwayo haidrokwinoni na hata zebaki. Wiki za mwanzo uso hulainika na vipele hunywea, na mtumiaji huamini amepata dawa. Baadaye huchomoza vipele vyekundu vinavyolingana kwa ukubwa, kana kwamba vimeota siku moja, na akiacha kupaka uso huwaka na kuwasha, basi hurudi kwenye kopo lile lile. Kumlaumu kwa urembo wake ni kumwonea, kwa maana yeye aliuziwa dawa kali bila kuambiwa kuwa ni dawa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mapambo ya uso kabla ya mkorogo. Liwa, ambayo husagwa juu ya jiwe la msio kwa maji au marashi, hupakwa, hukauka, kisha huoshwa. Haina mafuta mazito ya kulala nayo usiku kucha.

Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango. Hata hivyo sheria ya namna hii hukagua vyema bidhaa yenye lebo na mwagizaji anayejulikana, ilhali mkorogo huchanganywa saluni na kuuzwa katika kopo lisilo na jina, kwa hiyo daktari anayetibu chunusi za mwanamke mtu mzima hulazimika kumwomba aje na kila anachopaka, na mara nyingi hata akikiona hawezi kujua kina nini ndani.