Kutoka Farasi wa Masultani hadi Punda wa Vitongoji: Historia ya Tabibu wa Mnyama

Mwaka 916 msafiri na mwanahistoria wa Baghdad, Al-Masudi, aliondoka katika kisiwa alichokiita Kanbalu, safari yake ikielekea Oman. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa kisiwa hicho ni Pemba. Katika maandishi yake aliwaeleza watu wa Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, kuwa hawana farasi, nyumbu wala ngamia. Wanyama wao wa vita, alisema, ni ng'ombe wanaotiwa matandiko na hatamu, nao hukimbia kama farasi.

Habari hiyo inashangaza ukiangalia ramani. Pwani yetu ilifanya biashara na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na huko kote farasi alikuwa mali na heshima. Jahazi zilileta vyombo vya udongo, nguo, shanga na tende. Farasi walikuja kwa uchache, na waliokuja hawakuzaana wakaenea. Sababu kubwa ni maradhi. Historia ya maradhi hayo, na ya matabibu waliopambana nayo, inamhusu hadi leo mtu wa Vitongoji, kisiwani Pemba, anayemfunga punda wake kwenye gari asubuhi.

Elimu iliyozaliwa zizini

Tiba ya wanyama kama taaluma ilikua kwa sehemu kubwa kwa ajili ya farasi. Katika karne ya 9 Ibn Akhi Hizam, aliyesimamia mazizi ya ukhalifa wa Bani Abbas, aliandika kitabu juu ya upandaji farasi na tiba yake. Karne ya 14 Abu Bakr ibn Badr, tabibu wa farasi wa Sultani wa Misri Al-Nasir Muhammad, aliandika kitabu kikubwa zaidi chenye habari za maumbile, kasoro za miguu, maradhi na dawa.

Elimu hiyo haikusafiri na kila jahazi. Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, alisimulia jinsi wafanyabiashara wa Hormuz, Dhofar na Aden walivyowauzia wafalme wa kusini mwa Bara Hindi farasi kwa maelfu. Farasi wale walikufa kwa wingi kwa kukosa watu wa kuwatibu, na Marco Polo anadai kuwa wafanyabiashara waliwazuia matabibu wa farasi wasifike huko, ili wafalme waendelee kununua. Hata kama aliongeza chumvi, alichokishika ni kweli: mnyama bila tabibu ni hasara inayorudi kila mwaka, na yuko anayefaidika nayo.

Ulaya nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Claude Bourgelat, aliyeanzisha chuo cha tiba ya mifugo mjini Lyon mwaka 1761, alikuwa mkuu wa chuo cha kupanda farasi kabla ya hapo. Mwaka 1789 alikufa Eclipse, farasi wa mbio wa Uingereza ambaye hakuwahi kushindwa, na Charles Vial de Sainbel akaupasua mwili wake na kuupima kiungo kwa kiungo apate kujua siri ya kasi yake. Miaka miwili baadaye chuo cha London kilianzishwa, na Sainbel akawa mwalimu wake wa kwanza. Tiba ya farasi wa michezo inaweza kuhesabu miaka yake tangu upasuaji ule.

Msiba wa Sena

Kutojua chanzo cha maradhi kuliwahi kumwaga damu ya Waswahili. Mwaka 1569 Francisco Barreto aliondoka Ureno na jeshi lililotumwa kuiteka nchi ya dhahabu ya Mwenemutapa. Lilipopiga kambi Sena, kando ya mto Zambezi, farasi walianza kufa na askari wakafuata. Wareno wakawatuhumu Waislamu wa Sena, wafanyabiashara waliotoka katika miji ya pwani, kuwa wamewatilia sumu. Mwaka 1572 wengi wao waliuawa kikatili. Padri Francisco Monclaro, aliyekuwa katika msafara huo, aliandika habari zake, na leo wataalamu wa maradhi ya farasi huyasoma maandishi yake kama moja ya taarifa za mwanzo za farasi kuangamia kwa maradhi katika sehemu hii ya Afrika.

Sumu haikuhitajika. Bonde la Zambezi lina mbung'o na usubi. Mbung'o hueneza nagana, ambayo humkondesha mnyama na kumwishia damu mpaka afe. Usubi, yule mdudu mdogo anayetusumbua jioni, hueneza homa ya farasi ya Afrika, inayojaza maji mapafuni na kuweza kuua hadi farasi 95 katika kila 100 wanaoipata.

Ilichukua zaidi ya miaka 300 kuyafahamu haya. David Bruce alikigundua kijidudu cha nagana huko Zululand katikati ya miaka ya 1890. Arnold Theiler alifanya kazi ya chanjo ya homa ya farasi nchini Afrika Kusini, na kituo chake cha Onderstepoort kilifunguliwa mwaka 1908. Hata baada ya hapo, farasi wa jeshi la Jenerali Jan Smuts walikufa kwa maelfu Tanganyika katika vita vya mwaka 1916. Kujua jina la ugonjwa ni jambo moja. Kuwa na tabibu, chanjo na dawa mahali ugonjwa ulipo ni jambo jingine kabisa.

Farasi wa mji, punda wa shamba

Chini ya ufalme wa Busaidi farasi waliishi Unguja, karibu na majumba ya wakubwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake namna watoto wa Sultani huyo walivyofundishwa kupanda farasi, na pia habari za punda weupe wa Maskati waliothaminiwa sana. Mwaka 1840 Seyyid Said aliituma meli yake Sultana mpaka New York, nahodha wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Miongoni mwa zawadi kwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, na kwa kuwa sheria ya Marekani haikumruhusu rais kuzichukua zawadi hizo, farasi wale wakauzwa kwa mnada.

Farasi wa namna hiyo alihitaji zizi, mtunzaji na mwenyewe aliyeweza kumbadilisha akifa. Mashamba yalikuwa na hesabu nyingine. Kimbunga cha 1872 kiliipiga Unguja na kuacha mikarafuu ya Pemba ikiwa tegemeo la visiwa, na karafuu hazikubebwa na farasi wa Kiarabu. Zilipita njia za vilima na mabonde kichwani mwa watu na mgongoni mwa punda, hadi zikafika kwenye vyombo.

Punda alistahimili kwa sababu hapa ni kwao. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 unaonyesha kuwa punda alifugwa kwanza Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Homa ya farasi inayoua karibu farasi wote humpata punda kwa wepesi, na wengi hupona. Uvumilivu huo umemdhulumu. Kwa kuwa hafi upesi, watu wamedhani haumwi, na methali zetu zinazomsema kwa mateke na mashuzi hazikumfanyia insafu.

Vitongoji leo

Vitongoji iko mashariki ya mji wa Chake Chake, kupita Wawi, ambako vilima vyenye rutuba hushuka kuelekea ardhi ya maweni na pwani. Wakulima na wavuvi wa upande huu, kama Wapemba wengine, wanaishi na mifugo: ng'ombe, mbuzi, kuku na punda. Wanaotazama Pemba kwa mchezo wa ng'ombe peke yake wanamsahau punda anayebeba mchanga, kuni na mazao.

Sasa tuiangalie taaluma ya farasi ilipofika duniani, tuone nini kinamfaa punda huyu.

Kwanza uzazi. Mwaka 1974 wataalamu wa Japani walieleza jinsi walivyohamisha kiinitete kutoka farasi jike mmoja kwenda kwa mwingine, na tangu 1980 mimba ya farasi huangaliwa kwa mashine ya altrasaundi ikiwa changa kabisa. Mwaka 2003 Italia ilimzalisha Prometea, farasi wa kwanza aliyenakiliwa kutoka chembe ya mnyama mzima. Pemba haina haja ya kunakili punda. Ina haja ya kujua kuwa punda jike hubeba mimba miezi 12 au zaidi kidogo, huzaa mtoto mmoja, na akipakiwa mzigo mzito miezi ya mwisho familia huweza kumpoteza mama na mtoto pamoja. Tabibu anayejua kupima mimba anamwambia mwenye punda lini apunguze shogi na lini amwachishe gari.

Pili upasuaji. Dawa bora za usingizi za miaka ya 1950 na 1960 ndizo zilizowezesha farasi mwenye msokoto wa tumbo kupasuliwa na kupona. Kwa punda wa kijijini upasuaji wa kila siku ni kuhasi, kushona jeraha na kusafisha jipu la kwato. Nao unataka elimu, kwani punda si farasi mdogo. Mwili wake huondoa baadhi ya dawa za usingizi upesi kuliko mwili wa farasi, na anayemkadiria kwa kipimo cha farasi atamwona akizinduka kisu kikiwa kazini. Kumhasi bila ganzi ni ukatili, na jeraha lisilokingwa humfungulia mlango pepopunda.

Tatu tiba ya michezo. Katika mbio za masafa marefu za Oman na Falme za Kiarabu, daktari husimama kwenye vituo na kupima moyo wa farasi. Mapigo yasiposhuka hadi kiwango kilichowekwa, farasi anatolewa, awe wa nani. Lamu nayo ina mbio za punda katika sherehe zake, na punda wa gari hukimbia mbio zake kila siku bila mshangiliaji. Misuli, mishipa na kwato zake huumia kama za farasi wa mashindano. Kwa hiyo kanuni ni zile zile: maji, kivuli, kwato zilizokatwa kwa wakati, tandiko lisilochuna mgongo, na kumsimamisha anapochechemea. Punda huficha maumivu, na akiacha kula siku chache mafuta hujaa katika damu yake na kumuua. Asiyekula anahitaji tabibu siku hiyo hiyo.

Yanawezekana

Visiwa hivi vimekwisha kuthibitisha kuwa kazi ya namna hii inawezekana. Kati ya 1994 na 1997 takriban mbung'o madume milioni 8 waliofanywa tasa walizalishwa Tanga na kuachiwa Unguja kwa ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na kisiwa kikatangazwa kuwa huru mwaka uliofuata. Pemba ilikimaliza kichaa cha mbwa kwa kuwachanja mbwa. Kiliporudi mwaka 2016, kilidhibitiwa tena kwa njia hiyo hiyo. Lamu imekuwa na kituo cha kuwatibu punda bure tangu 1987.

Na wakati unatubana. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya ejiao nchini China, imewamaliza punda katika sehemu nyingi za Afrika upesi kuliko wanavyozaliana. Desemba 2022 wajumbe wa Afrika walikutana Dar es Salaam kulijadili jambo hilo, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Zuio linamkinga punda na kisu cha mfanyabiashara. Halimkingi na kidonda, njaa na mzigo uliopita kiasi.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha madaktari wa mifugo, na vijana wa Pemba wamo miongoni mwa wanaosoma fani za mifugo nchini. Ninaiomba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, vyuo na wafadhili watie elimu ya punda katika mafunzo ya bwana mifugo wa kila shehia: uzazi wake, upasuaji wake mdogo na afya ya kazi yake. Wenye punda wa Vitongoji nao wadai huduma hiyo kama wanavyodai chanjo ya ng'ombe. Elimu iliyogharimu maisha ya farasi wengi, na damu ya watu wasio na hatia kule Sena, ni yetu pia, na punda amekwisha kuilipia kwa mgongo wake.