Ushanga na Manukato katika Njia ya Pangani: Korogwe na Handeni

Shanga za manukato za Kichina hutengenezwa kwa unga wa udi, msandali, karafuu na kafuri, pengine na miski kidogo. Unga huo hukandwa kwa ulimbo wa kiazi cha mmea uitwao baiji, ukaviringwa, ukatobolewa, ukaanikwa kivulini. Joto la mwili huziamsha zikanukia. Huvaliwa kama pambo, na Wabudha huzihesabia sala, punje 108 katika uzi mmoja.

Pwani ya Afrika Mashariki imo katika biashara iliyolisha ufundi huo. Mwaka 1225 Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, aliitaja nchi ya Cengba, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa pwani ya Wazanji, akisema kwamba hutoka huko pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali wa manjano. Lakini ushanga uliopanda bara kutoka Pangani ulikuwa wa kioo, wa India na baadaye wa Venice, usio na harufu yoyote.

Haukuhitaji harufu, kwani ulikuwa fedha. Punje inayomong'onyoka na kupungua kwa kuvaliwa haifai kulipia chakula cha msafara. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita bonde la Ruvu, yaani mto Pangani, mwaka 1857 akielekea Vuga, makao ya mfalme wa Washambaa, aliandika kwamba ushanga ulipimwa kwa khete, na khete kumi zikafanya fundo. Ule mwekundu wenye moyo mweupe, samesame, ulipewa lakabu ya kivunja mji kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Kuuita ushanga huo vikorokoro vya kuwahadaa wenyeji ni kutosoma ushahidi: mfanyabiashara aliyekuja na rangi iliyopitwa na wakati alilala njaa. Semboja, mtawala wa Kishambaa, naye alishuka kutoka milimani akajenga Mazinde, kando ya njia ya misafara, ili mali ipite mlangoni pake.

Kodi ya nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1898, kisha reli ya Tanga iliyofika Korogwe mwaka 1902, ziliipa rupia nafasi ya ushanga sokoni. Mwilini haukuondoka. Shanga za kiuno huvaliwa nyuzi kadhaa chini ya kanga, zisikike kabla ya kuonekana, na matumizi yake hufundishwa unyagoni.

Hapo ndipo zinapokutana na manukato. Mwanamke hujifunika kanga, chetezo cha udi kikiwa chini yake, moshi ukapanda. Kioo hakinywi moshi. Kinachoshika harufu ni uzi wa pamba na ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi. Asumini ya kikuba hunyauka kesho yake, na liwa husagwa upya jiweni. Kwa hiyo harufu ambayo fundi wa Kichina huimaliza ndani ya punje, huku hubaki kazi ya kurudiwa, na ujuzi wake umo mikononi mwa makungwi na masomo.

Kilicho karibu zaidi na ushanga wa Kichina ni tasbihi ya msandali, ya punje 33 au 99, ambayo mahujaji huja nayo kutoka Makka. Hunukia kadiri inavyosuguliwa vidoleni katika uradi, misikitini Handeni, nchi ya Wazigua, kama kwingineko. Ila hiyo ni ya ibada tu. Sala na urembo, ambavyo Mchina huviweka katika punje moja, Uzigua umeviachia nyuzi mbili tofauti.