Kilima Chetu na Macho ya Mgeni



Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba Mungu, alipokwisha kuumba, alitazama. Hakuiacha kazi yake na kwenda zake. Aliitazama, akaiona kuwa njema. Naye Bwana Yesu aliwataka wasikilizaji wake wayaangalie maua ya kondeni. Kutazama, basi, ni sehemu ya imani yetu. Leo tutafakari historia ya watu walioitazama nchi yetu wakiwa na brashi na rangi mkononi.

Mwaka 1926 mchoraji Mmarekani, William Leigh, alipanda milima ya Virunga, kaskazini mwa Ziwa Kivu, katika msafara wa Carl Akeley. Akeley alikuwa akitayarisha jumba la wanyama wa Afrika katika makumbusho makubwa ya viumbe huko New York. Aliugua njiani, akafariki mwezi wa Novemba, akazikwa huko huko mlimani. Leigh hakuacha kazi. Alichora kwa rangi akiikabili milima yenyewe, kisha huko New York akaikuza mandhari ile ukutani, nyuma ya ngagi waliokaushwa, waliouawa katika safari ya Akeley ya mwaka 1921. Jumba lilifunguliwa mwaka 1936, na picha ingali pale. Watoto wa mji ule wa mbali wanaitazama Kivu hata leo.

Ni kazi ya subira na uaminifu. Hata hivyo, ndani yake hamna shamba, wala moshi wa jikoni, wala mtu. Mchoraji alitumwa kuonyesha makao ya wanyama, akayaonyesha vema. Lakini mgeni huona mlima. Mwenyeji huona nyumbani. Ni nani atakayechora nyumbani?

Wapo waliojaribu. Mwaka 1946, huko Lubumbashi, mji ulioitwa Élisabethville wakati ule, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wazinakili. Aliwaacha wachore waliyoyajua. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, na picha zake zikajulikana hata ng'ambo.

Miaka ya 1970, katika mji huohuo, wachoraji wa mitaani walichora juu ya nguo ya magunia ya unga. Walichora kijiji kando ya maji, wavuvi, wawindaji, na pia mateso ya wakati wa ukoloni. Wanunuzi wao walikuwa watu wa kawaida, wengi wakiwa wametoka mbali kutafuta kazi, nao walizitundika picha hizo sebuleni. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda-Matulu, alichora historia ya nchi yetu katika picha kama 100. Picha za namna hiyo watu waliziita kwa neno la Kiswahili: ukumbusho.

Neno hilo twalijua. Katika kila Misa twafanya alivyoagiza Bwana kwa ukumbusho wake, nasi twasadiki kwamba anayekumbukwa hivyo yu hai kati yetu. Picha ya sebuleni si sakramenti. Lakini nayo humzuia mtu asisahau alikotoka na walio wake.

Niliwahi kuwaomba vijana wanaojifunza ualimu wachore mandhari ya kwao. Wengi walichora minazi kando ya bahari, bahari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Binti mmoja alichora vitu vitatu tu juu ya mkeka: jembe, kibuyu na kikapu cha mihogo mikavu. Alisema vilikuwa vya bibi yake, navyo vilibaki nyumbani siku walipokimbia vita. Darasa likanyamaza. Wale wenye minazi wakaomba karatasi nyingine.

Vijana wa Walungu, vilima vyetu vinamomonyoka. Kila masika udongo mwekundu hushuka na maji hadi mabondeni, na mahali pengine huteremka pamoja na shamba zima. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Nani ataitunza nyumba asiyoitazama? Asiyekijua kilima chake hatatambua kimepungukiwa nini, wala hatapanda mti mahali panapouhitaji.

Basi, kabla ya mkutano wenu ujao, kila mmoja aketi saa moja mbele ya kilima kimoja, au mbele ya chombo kimoja cha nyumbani kwao, akichore. Kalamu ya risasi na karatasi ya daftari vyatosha. Asijali kama mstari umepinda. Kisha aulize wazee: hapa palikuwa na nini zamani? Jibu aliandike nyuma ya karatasi, na karatasi aitunze.