Woga, Hofu na Hadhari: Kuitazama Finding Nemo Kutoka Muyeye

Filamu ya katuni Finding Nemo, aliyoiongoza Andrew Stanton kwa kampuni ya Pixar mwaka 2003, husifiwa kama kisa cha mtoto aliyeshinda woga. Usomaji huo unamtwika mtoto mzigo usio wake. Anayeogopa ni Marlin, samaki aliye baba wa Nemo, tangu mzia alipomnyang'anya mke na mayai yao yote isipokuwa moja. Stanton mwenyewe ameeleza kwamba wazo la filamu lilimjia alipojiona akimkanya mwanawe kila hatua, hata akakosa kuifurahia siku aliyotoka naye.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Woga ni tabia. Hofu humwingia mtu, kisha ikamtoka. Hadhari hufunzwa. Hoja yangu ni kwamba Marlin haishindi hofu. Anaitia adabu mpaka inakuwa hadhari.

Muyeye, upande wa kusini wa mji wa Malindi, tofauti hii haihitaji kufafanuliwa. Kusi inapovuma, kati ya Aprili na Septemba, wavuvi wengi wa mitumbwi na ngalawa hubaki ndani ya mwamba, na hakuna anayewaita waoga. Wanajua bamvua inavyojaa na mkondo unavyovuta kwenye mlango wa mwamba. Marlin humwambia mwanawe kwamba bahari ni hatari, akaishia hapo. Ndiyo maana Nemo anapoiendea mashua licha ya kukatazwa siwezi kumwita jasiri: ni mtoto aliyekasirika, aliyenyimwa maarifa akapewa makatazo tu.

Maarifa yanakuja kwenye tukio la wavu, nami naliona ndilo kiini cha filamu nzima. Kundi la samaki limenaswa. Nemo anaomba aingie, baba anamshika, kisha anamwachia. Hofu ya Marlin haijatoka hata chembe; kilichobadilika ni kwamba sasa anamsikiliza mwanawe. Samaki wote wanaogelea kuelekea chini kwa pamoja, mpaka wavu unaelemewa na kuanguka.

Ila filamu haikumpa mvuvi uso, na hiyo ni kasoro kubwa. Katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, uvuvi umepigwa marufuku, na jamaa za Nemo huishi humo katikati ya minyiri iwashayo ya anemoni. Nje yake, kwenye eneo la akiba, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mtoto ambaye sare yake ya shule imenunuliwa kwa jarife la babake hawezi kuushangilia wavu ule ukianguka bila kusita. Anawapenda samaki wale, na chakula cha usiku anakijua kilikotoka. Hofu yake nayo imegeuka upande: katika filamu baba humtafuta mwana baharini, lakini huku, upepo ukibadilika jioni, mtoto ndiye anayesimama ufuoni akihesabu matanga yanayorudi.